Kusaka Kikasha Kando ya Uwanja wa Mizinga

Ukiishi kusini mwa Uingereza, iwe Bristol, Reading au Southampton, na ukawa umeshaonja utamu wa jiokeshi, siku moja ramani ya mchezo itakuvuta kuelekea Wiltshire. Utaona eneo pana ambalo ndani yake alama ni haba, huku ukingoni vikasha vikifuatana kilomita baada ya kilomita. Hapo ni Salisbury Plain, uwanja mkubwa kuliko yote ya mazoezi ya kijeshi nchini humo, takribani hekta 38,000. Jeshi lilianza kununua ardhi hiyo mwaka 1897, na mpaka leo mizinga inanguruma huko siku nyingi za mwaka.

Nakushauri uende. Ni nyika yenye upepo na ndege wengi, na njia ndefu ya miguu inayozunguka sehemu ya magharibi, yaani uwanja wa Imber, kwa kilomita kama 48. Lakini usiende kama unavyokwenda kwenye bustani ya manispaa. Mchezo huu humzoesha mtu kuinama, kupekua na kushika kila kitu kinachoonekana hakikupaswa kuwa pale kilipo. Kandokando ya uwanja wa mizinga, mazoea hayo ndiyo yanayoweza kukuua, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni juu ya kuyazuia.

Kwa msomaji mgeni, jiokeshi ni kusaka kasha lililofichwa kwa kufuata namba za GPS. Mchezo huu ulianza Mei 2000, Marekani ilipoacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Muda mfupi tu baadaye, tarehe 3 ya mwezi huo, Dave Ulmer alificha ndoo msituni karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza namba zake na kuwaalika watu waitafute. Leo makasha yamezidi milioni 3 duniani. Ukilipata unaandika jina na tarehe katika daftari lililomo, unalirudisha pale pale, na ukichukua kijizawadi unaacha kingine cha thamani ileile au zaidi. Basi. GPS yenyewe, ikumbukwe, ni mali ya jeshi la Marekani, kwa hiyo kwa namna fulani sisi wote tunacheza na vifaa vya wenyewe.

Setilaiti itakuambia kasha liko wapi. Haitakuambia kama leo unaruhusiwa kufika hapo. Swali hilo la pili lina majibu, ila yanatafutwa nyumbani kabla ya kufunga kamba za viatu.

Anza na ratiba ya mazoezi. Wizara ya Ulinzi ya Uingereza hutangaza mapema, kwenye tovuti ya serikali, siku na saa za kufyatua silaha katika Salisbury Plain. Isome ratiba ya mwezi ule unaokwenda, wala usitegemee ya mwezi uliopita kwa kudhani mambo hujirudia. Kisha nunua ramani ya karatasi. Zile za Ordnance Survey za skeli ya 1:25,000, namba 130 kwa upande wa Salisbury na Stonehenge na namba 143 kwa upande wa Warminster, zimeandikwa wazi maneno ya tahadhari mahali pa hatari. Ramani ya simu mara nyingi huonyesha njia bila kukuonyesha kwamba njia hiyo hufungwa. Tena mtandao wa simu huko nyikani ni wa kubahatisha, hivyo pakua kurasa za vikasha vyako mapema na ubebe betri ya akiba.

Uwanja wenyewe una sehemu tatu, na kila moja ina tabia yake. Magharibi ni Imber, ambayo hufungwa kwa umma isipokuwa siku chache za mwaka zinazotangazwa. Kati, juu ya Larkhill, ndiko makombora yanakoangukia, na huko hakuna siku ya mgeni. Mashariki kuna njia nyingi ambazo raia hupita, lakini huzipita pamoja na vifaru na askari walio kazini. Kasha lililo mashariki kando ya njia ya umma na kasha lililo kwenye ukingo wa Imber hayaendewi kwa namna moja, hata kama ukurasa wa mchezo umeyapa nyota sawa za ugumu.

Kuhusu namba zenyewe, kuna jambo la kumfaa hasa aliyezoea kucheza nyumbani Afrika Mashariki. Tarakimu ya mwisho ya koodinati za mchezo, yaani sehemu moja ya elfu ya dakika, ni karibu mita 1.85 kwenye latitudo popote ulipo. Kwenye longitudo, ukiwa Nanyuki juu ya ikweta, nayo ni mita 1.85, lakini ukiwa Wiltshire, nyuzi 51 kaskazini, ni kama mita 1.2 tu. Kwa hiyo usishangae namba za mashariki na magharibi zikikimbia haraka kuliko ulivyozoea. Hakikisha pia mashine imewekwa kwenye mfumo wa WGS84. Mfumo wa zamani wa ramani za Uingereza unatofautiana nao kwa karibu mita 100, na mita 100 ukingoni mwa uwanja wa shabaha zinaweza kukuweka upande usiotakiwa wa uzio.

Bendera na mabango

Bendera nyekundu ikiwa juu mchana, au taa nyekundu ikiwaka usiku, uwanja unatumika. Hilo kila mtu hulielewa. Kosa la wengi ni kugeuza sentensi: hakuna bendera, basi nimeruhusiwa. Hapana. Imber na eneo la makombora vimefungwa kwa sheria ndogo za kijeshi, bendera iwepo isiwepo. Ardhi ya kawaida ya mtu binafsi, ukiikanyaga bila ruhusa, kwa kawaida Uingereza huwa ni ugomvi wa madai kati yako na mwenye shamba. Hapa kuvunja sheria ndogo ni kosa la jinai. Kwa anayeishi kwa viza, tofauti hiyo si ya kupuuza.

Usidhani pia kwamba kuonekana ni kinga, kwamba rubani au mpiga mizinga akikuona atasita. Tarehe 13 Aprili 1942, karibu na Imber, ndege za kivita zilikuwa zikionyesha uwezo wao mbele ya maofisa na askari watazamaji. Hewa ilikuwa na ukungu. Rubani mmoja wa Hurricane aliwadhani watazamaji ni sanamu za shabaha akawamiminia risasi. Walikufa watu 25, na 71 wakajeruhiwa. Hao walikuwa wamealikwa, na jeshi lilijua wamesimama wapi.

Imber chenyewe kilikuwa kijiji cha watu kama 150. Novemba 1943 wakazi waliitwa kwenye mkutano wakaambiwa wana siku 47 kuhama, ili askari wa Marekani wapate mahali pa kujifunzia vita vya mitaani kabla ya kuvuka kwenda Ulaya bara. Wengi waliamini watarudi vita vikiisha. Hawakurudishwa. Mwaka 1961 watu zaidi ya 2,000 waliandamana hadi kijijini kudai haki hiyo, na bado haikutolewa. Kanisa la Mtakatifu Giles limebaki, na katika siku za kufunguliwa unaweza kwenda hata kwa mabasi mekundu ya ghorofa ya mtindo wa zamani wa London, ambayo tangu 2009 hupeleka abiria huko siku moja ya kiangazi. Ukienda siku hiyo baki barabarani na kanisani. Nyumba zilizosalia zimezungushiwa uzio, na kijiji kimetumika kwa mafunzo ya kivita kwa miongo mingi. Hata ukishawishika kwamba nyuma ya ukuta ule kuna kikasha, kiache. Mwenye kuficha kwa ruhusa hakifichi humo.

Mkono uchelewe

Sasa tuje kwenye kiini. Nyika hii imepigwa makombora kwa zaidi ya miaka 100, na si yote yaliyolipuka. Mengine yalizama udongoni. Mvua, baridi kali ya majira ya kipupwe na wanyama wachimbao mashimo huyapandisha tena juu. Kutu haimaanishi kwamba kombora limekufa. Rangi haimaanishi kitu kwako wewe usiye fundi wa mabomu. Mabango ya jeshi yenyewe yanasema bila kuremba: usiguse, linaweza kulipuka likakuua.

Tatizo ni kwamba vyombo vya mchezo wetu na vitu vya jeshi vinafanana mno. Fikiria kasha linalosifiwa kuliko yote na wachezaji wa Marekani: sanduku la chuma la kubebea risasi, rangi ya kijani kibichi, halipitishi maji. Fikiria vile vikasha vidogo vya aluminiamu vyenye uzi wa kufungia, vinene kama kidole. Ukikiona kimechomekwa kwenye nyasi utaapa ni ganda la risasi, na ukiona ganda la risasi utaapa ni kikasha. Makopo ya filamu, mirija ya plastiki, vibweta vilivyoviringishwa utepe wa mabaka, vyote vimeundwa ili visionekane, na vifaa vya jeshi navyo vimeundwa kwa nia hiyohiyo. Msakaji mzoefu ana jicho la kutambua kile kisichokuwa cha asili kati ya majani. Jicho hilo ni zuri. Linaishia hapo tu: haliwezi kutofautisha.

Kwa hiyo fuata utaratibu mmoja bila kuuvunja. Kabla hujatoka nyumbani, soma ukurasa wa kasha hadi ujue ukubwa wake, chombo cha aina gani, na kidokezo kinasema nini. Kidokezo huandikwa kwa herufi zilizosogezwa nafasi 13 ili kisikuharibie raha, lakini huku usione haya kukifungua mapema. Soma pia kumbukumbu za waliotangulia. Ukurasa ukisema ni kibweta cha plastiki kinachopitisha mwanga, chini ya nguzo ya geti, na wewe umeona kitu cha chuma mita tano kutoka kwenye geti, hicho sicho. Usikisukume kwa fimbo. Usikigeuze kwa kiatu ili “uhakikishe”. Na kama kasha halijapatikana kwa mwaka mzima na waliolikosa wanaongezeka, lipitie mbali: huenda halipo, na utakachokikuta hapo kitakuwa kitu kingine.

Kuna vitu vya kuvutia zaidi ya makombora, na hivyo ndivyo hushika watu, hasa watoto. Fataki za kumulika usiku huteremka kwa parachuti dogo, na parachuti hilo likining'inia kwenye kichaka linapendeza kweli kulichukua kama kumbukumbu. Kopo lililoshikana nalo linaweza kuwa na kemikali ya kuwaka. Mabomu ya moshi yasiyowaka yanafanana na makopo ya soda. Waya mwembamba uliovutwa chini karibu na nyasi unaweza kuwa mtego wa fataki uliosahauliwa. Hata maganda ya risasi baridi, ambayo kweli mengi hayana madhara, yaache chini, kwa sababu kuondoa mali ya jeshi uwanjani nako kunakatazwa, na kwa sababu mtoto akikuona unaokota ganda, kesho ataokota kisicho ganda.

Ukikuta kitu cha kutilia shaka, simama. Angalia ulipokanyaga, urudi kwa njia ileile uliyojia. Ukishafika mbali, soma namba za mahali pale kwenye mashine yako. Hapa ujuzi wa jiokeshi una faida kubwa kuliko siku zote, maana unaweza kuwapa polisi koodinati za uhakika. Piga 999. Waeleze umeona nini na wapi, usijitie kujua ni kitu gani. Usiache alama ya kukitambulisha kwa kuchomeka kitu ardhini.

Hatari nyingine nitazitaja kwa kifupi. Kupe wapo, na huambukiza ugonjwa wa Lyme, hivyo vaa suruali ndefu na ujikague jioni. Udongo wa chokaa ukilowa unateleza, na mawe ya gumegume yaliyochongoka hupasua goti. Dereva wa kifaru haoni vizuri kilicho karibu naye. Kwenye vivuko vya vifaru yeye ndiye mwenye njia, hata kama sheria ingesema vinginevyo. Usiku usiende. Magari ya jeshi hutembea bila taa.

Ukikutana na askari

Utakutana nao, na mara nyingi ni vijana wapole waliochoka na mvua. Lakini jitazame kwa macho yao: mtu amechutama kando ya uzio, simu mkononi, anatazama huku na huku asionekane, anaingiza mkono chini ya jiwe. Mchezo unatufundisha kujificha tusionwe na wasioujua. Hapa acha desturi hiyo kabisa. Na tuseme ukweli, mgeni mweusi mwenye lafudhi ya kwao hupewa muda mfupi zaidi wa kujieleza. Si haki, ila ndivyo ilivyo. Simama wima, mikono ionekane, salimia wewe kwanza, onyesha ukurasa wa kasha kwenye simu, na useme kwa maneno rahisi kwamba unatafuta kisanduku cha mchezo kando ya njia ya umma. Wengi watakuwa wameshasikia habari za mchezo huu, na wengine wanaucheza. Ukiambiwa rudi, rudi bila mjadala. Usiwapige picha askari wala magari yao.

Mwenye shaka akumbuke Wetherby, mji mdogo wa Yorkshire. Julai 2011 mtu alionekana akishughulika na kiboksi nje ya mkahawa, akaripotiwa, mtaa ukafungwa, na wataalamu wa mabomu wa jeshi wakakilipua. Kilikuwa kikasha cha jiokeshi. Hiyo ilikuwa barabara ya maduka, si ukingo wa uwanja wa vita.

Kama unataka kuficha la kwako

Ushauri wangu wa kwanza ni usifiche, angalau hadi umepita njia hiyo majira yote ya mwaka. Ukiendelea kutaka, omba ruhusa ya mwenye ardhi kwa maandishi. Kwa ardhi ya jeshi Uingereza, inayosimamia ni taasisi ya Wizara ya Ulinzi iitwayo Defence Infrastructure Organisation, na chama cha wachezaji wa Uingereza, GAGB, huweka kumbukumbu za makubaliano na wenye ardhi mbalimbali. Kanuni za mchezo huwapa wahakiki wa makasha mapya haki ya kukataa kasha lililo karibu na mitambo ya kijeshi, na mimi naona wanapokataa hapa wanafanya kazi yao. Kumbuka pia kwamba makasha mawili hayaruhusiwi kukaribiana chini ya mita 161, na kwamba nyika hii imejaa makaburi ya kale yanayolindwa kisheria, ambamo hakufichwi kitu.

Chombo kiwe cha plastiki inayoonyesha kilichomo, chenye stika kubwa inayosema ni kikasha cha jiokeshi pamoja na namba yake ya mchezo. Usikipake kijani, usikizungushie utepe wa mabaka, na sanduku la risasi lisitajwe hata kwa utani. Usichimbe. Kuchimba bila ruhusa ya mwenye ardhi kumekatazwa na mchezo popote duniani, lakini hapa jembe lako linaweza kugonga kitu ambacho kimelala tangu Vita vya Kwanza vya Dunia. Njia iliyo bora kuliko zote ni kasha la hatua mbili: msakaji asome tarakimu kwenye bango la historia karibu na uwanja, apige hesabu, kisha apelekwe kwenye kasha lililo mbali, tuseme karibu na mahali pa kuegesha magari. Au uandike la aina ya EarthCache, ambalo halina chombo kabisa: msakaji anajifunza jiolojia ya mahali na kujibu maswali. Mwamba wa chokaa wa Wiltshire una hadithi ya kutosha.

Nyumbani kuna wanaofikiria kupanda mchezo huu kaskazini mwa Kenya. Jeshi hilohilo la Uingereza lina kituo Nanyuki, BATUK, na hufanya mazoezi Laikipia na Samburu, ikiwemo Archer's Post. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu 228, walioumia au waliofiwa kutokana na mabomu yaliyoachwa malishoni, wakiwemo watoto wachungaji waliookota walichokikuta. Huko malisho na uwanja wa mazoezi mara nyingi havitenganishwi na uzio, na mchungaji hana ratiba ya tovuti ya kusoma. Kuwafundisha watoto wa huko kwamba vyombo vya ajabu vilivyofichwa porini vina zawadi ndani yake ni jambo la hatari, na halipaswi kufanywa. Kasha lako la Nanyuki liweke mjini, kwa ruhusa ya mwenye duka au hoteli, watalii wa ikweta watalipata bila shida.

Ukisharudi kutoka Salisbury Plain, usiishie kuandika “nimelipata, asante” kwenye ukurasa wa kasha. Andika bendera ilikuwa juu au chini, geti lipi lilifungwa, ulikuta askari wapi, chombo kikoje na kimekaa upande gani wa nguzo. Kama stika imefutika, mjulishe mwenye kasha siku hiyohiyo. Mwenzako atakayekwenda Jumamosi ijayo, labda akiwa na watoto, atayahitaji hayo kuliko shukrani zako.